Filamu za zamani zirudiwe au ziachwe? Nianze na Hatari!, iliyopigwa hapa kwetu

Mwanzisha uzi (Arusha, Sakina)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila inapotangazwa kwamba filamu fulani ya zamani inatengenezwa upya, mabishano huanza palepale. Wapo wanaosema kazi ya wakongwe isiguswe, wapo wanaosema kila kizazi kina haki ya kusimuliwa upya, na pande hizi mbili hazisikilizani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili atakayenipinga ajue anapinga nini: filamu iliyokamilika tuisafishe, tuitunze na tuioneshe tena kwa watu, ya kurudia ni ile yenye hadithi nzuri ambayo msimulizi wake wa kwanza alimwacha mtu nje.

Kwa sisi wa Arusha mfano hauko mbali. Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks ilipigwa Tanganyika kati ya mwishoni mwa mwaka 1960 na mapema mwaka 1961, ikaanza kuoneshwa mwaka 1962. Stelingi ni John Wayne, anayeigiza kama Sean Mercer, mkuu wa kundi linalokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Makao ya kundi hilo yako Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru, na mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger alipapenda mahali pale kiasi kwamba baada ya kazi alinunua shamba na kuishi hapohapo. Anayepita leo Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuelekea Ngarenanyuki anapita jirani kabisa. Kuna pia sehemu ambapo tembo wadogo wanakimbia katikati ya mji wetu wakimtafuta mwanamke aliyewalea, na hiyo nawasihi vijana waitazame, kwa sababu ni nadra kuiona mitaa ya Arusha ya wakati ule ikiwa na rangi na watu wake.

Sifa zake nazisema kwanza, kwa kuwa sitaki kumwonea mtu. Hawks aliwaweka waigizaji wake ndani ya mbio zenyewe. Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi, gari linaruka mashimo, vumbi limetanda, na faru anayekimbia pembeni ni faru wa kweli ambaye hakufundishwa kuigiza. Anapoligonga gari ubavuni, gari linayumba kweli. Sijaona kompyuta inayotoa hofu ya namna ile. Mwongozaji wa leo hataweza kuirudia sehemu hiyo, wala hapaswi kujaribu: faru weusi walikaribia kumalizwa na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, na waliobaki nchini wanalindwa na askari wenye silaha usiku na mchana.

Sasa tazama nani anayezungumza. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu, na katika kundi lile yumo Mmarekani, yumo Mjerumani, yumo Mfaransa, akaongezeka mpiga picha wa Kiitaliano, lakini hakuna Mwafrika hata mmoja aliyepewa nafasi ya mhusika kamili. Wapo, maana kazi ile isingewezekana bila wao. Wanavuta kamba, wanabeba vizimba, wanalisha wanyama. Ila hatujui wanalala wapi, wanalipwa nini, wala wanaionaje biashara ya tajiri wao. Wenyeji wanapopata sehemu yao ni kwa ngoma ya kumpa mgeni, yule mpiga picha, jina la Mama Tembo, na ngoma ikiisha kamera inaondoka na mgeni.

Na walioachwa walikuwa na hadithi nzito kuliko ya Sean Mercer. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuyasema mbele ya dunia yaliyowapata watu wake. Kamera za Hawks zilipofika Momella ilikuwa haijatimia hata miaka kumi. Vilevile, filamu ilipigwa Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na ilipoingia kwenye kumbi za sinema nchi ilikuwa huru tangu tarehe 9 Desemba 1961. Ukiitazama huwezi kuhisi kwamba nchi iko katika mkesha wa jambo kubwa namna hiyo.

Halafu kuna biashara yenyewe. Wakati ule kumkamata twiga na kumsafirisha ng'ambo ilikuwa kazi ya kishujaa, ya kuchezewa muziki wa furaha. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga, walipakiwa kwenye ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wakapelekwa Qatar, na nchi nzima ilipiga kelele hadi kesi ikafunguliwa Moshi. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Kwa hiyo mwongozaji wa leo akiishika hadithi hii ana swali ambalo Hawks hakuwa nalo: huyu stelingi anayemfunga twiga kamba ni shujaa, au ni nani?

Ningekuwa mimi, ningemfanya dereva kuwa stelingi. Awe kijana wa Kimeru ambaye wazazi wake walihamishwa Ngarenanyuki, na sasa anaendesha gari la wageni juu ya ardhi ambayo babu yake alichungia ng'ombe. Aipende kazi yake kwa dhati, awajue wanyama kuliko mwajiri wake, na jioni asikilize redioni habari za Uhuru unaokuja huku vizimba vikisubiri kupakiwa. Hapo mbio zilezile, vumbi lilelile na milima ileile vitakuwa na maana nyingine kabisa.

Kinyume chake ni Psycho. Alfred Hitchcock aliitengeneza mwaka 1960, na mwaka 1998 Gus Van Sant akairudia karibu picha kwa picha, kwa rangi na waigizaji wapya. Hakukuwa na aliyeachwa nje wala lililobaki bila kusemwa, na ndiyo maana watu wanaendelea kuitazama ile ya kwanza. Filamu kama hizo tuziache.

Naomba michango yenu. Kila mmoja ataje filamu moja ambayo angependa irudiwe, na aeleze nani aliachwa nje.

Mchangiaji (Moshi, Majengo)

Mwanzisha uzi, hoja yako ina kichwa na miguu, na kuhusu Hatari! niko nawe. Ninapokupinga ni pale unaposema kwamba filamu iliyokamilika isirudiwe. Sisi tuliokulia kwenye mikanda ya Kihindi, tukikariri nyimbo ambazo maneno yake hatukuyaelewa, tuna ushahidi wa kutosha wa kukupinga.

Chukua Devdas. Riwaya ya Sarat Chandra Chattopadhyay ilichapishwa mwaka 1917. P. C. Barua akaitengenezea filamu mwaka 1935, na toleo la Kihindi lenye K. L. Saigal lilipigwa picha na kijana aitwaye Bimal Roy. Miaka 20 baadaye Bimal Roy huyohuyo, sasa akiwa mwongozaji, akaitengeneza upya, Dilip Kumar akawa Devdas, na wapo wanaoapa kwamba hakuna atakayelia kama Dilip Kumar alivyolia. Mwaka 2002 Sanjay Leela Bhansali akaja na Shah Rukh Khan, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, majumba ya vioo na taa zisizohesabika, na dada zetu wakaililia hiyo kama mama zetu walivyoililia ile. Ile ya 1955 haikumwacha mtu nje, lakini imerudiwa na imependwa.

Chukua pia Mother India ya mwaka 1957. Wengi hawajui kwamba Mehboob Khan alikuwa anairudia filamu yake mwenyewe, Aurat, ya mwaka 1940. Mtu huyohuyo alisimulia hadithi ileile ya mama anayelima peke yake, akadaiwa na mkopeshaji, akafikia kumuua mwanawe kwa mkono wake. Ya pili ndiyo inayojulikana duniani kote, na Nargis akishika bunduki ile mwishoni huwezi kukaa sawasawa kwenye kiti.

Ninakubali kwamba nyingine hazifai. Mwaka 2007 Ram Gopal Varma aliirudia Sholay ya 1975, tena akampa Amitabh Bachchan, ambaye katika ile ya kwanza alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana, nafasi ya adui. Watazamaji waliikataa. Lakini ilikataliwa kwa sababu ilitengenezwa vibaya. Kuirudia Sholay si dhambi yenyewe. Nionavyo, kinachoamua ni mapenzi na uwezo wa anayerudia, na kanuni yako ya mtu aliyeachwa nje ni nzuri ila haitoshi.

Mwanzisha uzi

Dada yangu wa Majengo, nakushukuru sana, na mifano yako nimeifurahia kwa sababu naiona iko upande wangu.

Kati ya mwaka 1940 na 1957 kuna mwaka 1947, India ilipopata uhuru. Mehboob Khan alipotengeneza Aurat, mama yule alikuwa mkulima mmoja katika nchi iliyotawaliwa. Alipotengeneza Mother India, mama yule alibebeshwa taifa zima, na ndiyo maana filamu inaanza na bwawa na matrekta, na yeye akiwa bibi kizee anayeombwa azindue mfereji wa maji. Taifa hilo halikuwemo katika ile ya kwanza kwa sababu lilikuwa halijazaliwa. Mehboob Khan aliona kilichokosekana akakirudia, tena bila kungoja mtu mwingine amsahihishe.

Kuhusu Devdas, chanzo chake ni kitabu. Barua, Roy na Bhansali wote wamerudi kisimani kuchota, na kila mmoja amekuja na ndoo yake. Kitabu kinaruhusu hilo bila kikomo, na sitamzuia mtu mwingine kuchota kesho. Ninachokizungumzia mimi ni mtu anayeichukua filamu ya mwenzake, akaweka waigizaji wapya na kamera mpya, bila neno jipya la kusema. Hata hivyo nakuunga mkono kabisa kwamba mapenzi peke yake bila uwezo ni hasara, na Sholay ya 2007 ni ushahidi.

Mchangiaji (Usa River)

Wakuu, mimi ni mpiga picha za video, na nimewahi kushika kamera katika filamu zetu za Kiswahili wakati wa kanda. Nawaomba tuongee habari ya mfuko na ya karatasi, kwa sababu ndipo ndoto nyingi zinapofia.

Filamu ina mwenyewe. Mwaka 1964 Sergio Leone alitengeneza A Fistful of Dollars akiifuata Yojimbo ya Akira Kurosawa ya mwaka 1961 bila ruhusa. Wajapani wakadai haki yao, na shauri likamalizika kwa kulipwa asilimia 15 ya mapato pamoja na haki za kuiuza filamu hiyo katika nchi kadhaa za Asia. Na sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na tunayo COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki. Anayetaka kuirudia Hatari! lazima abishe hodi Marekani kwanza. Akiona bei haibebeki, afanye lile ambalo mwanzisha uzi amelifanya bila kulitaja: aandike hadithi mpya ya dereva wa Kimeru wa mwaka 1960, asitumie jina la filamu wala la mhusika hata mmoja. Historia ya Ngarenanyuki haina hakimiliki ya mtu.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Tunabishana kuhusu kurudia filamu za Wamarekani zilizohifadhiwa vizuri, wakati zetu wenyewe zinapotea. Filamu nyingi za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipigwa kwenye kanda ndogo, zikahaririwa, zikauzwa kwa VHS na baadaye CD, na kanda ya asili ikatumika tena kupigia harusi kwa sababu kanda mpya ilikuwa ghali. Nimeliona hilo likifanyika katika ofisi niliyofanyia kazi. Nilisema tusifute, nikaambiwa filamu imeshauzwa, tunaitunzia nini. Leo mtu akitaka kuitazama anapata nakala ya nakala yenye picha iliyopauka na sauti inayokwaruza, au hapati kabisa. Girlfriend ya George Tyson ya mwaka 2003 wengi wetu tunaikumbuka, na kazi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, bado zinatazamwa, lakini kwa kila moja inayokumbukwa zipo nyingi ambazo hata jina limesahaulika.

Ndiyo maana kwangu kurudia kuna kazi ya tatu ambayo wachangiaji waliotangulia hawakuitaja. Pale ambapo filamu yenyewe imeharibika na waandishi wake wako hai, kuirudia ndiyo njia ya kuiokoa hadithi. Muswada unaweza kuandikwa upya kutoka vichwani mwao, na waigizaji wa zamani wakacheza nafasi za wazazi. Hilo ningelifanya kabla ya kumgusa John Wayne.

Mchangiaji (Moshi, Soweto)

Nimesoma yote kwa makini. Naongeza mawili.

La kwanza ni filamu niliyoichagua: The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952, ya Henry King, yenye Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner. Jina ni la mlima wetu, lakini sehemu kubwa ilipigwa studio Marekani. Kibaya zaidi, ilibadilisha mwisho. Katika hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936 mhusika mkuu, ambaye ni mwandishi, anaoza mguu porini na anakufa, na kabla ya kufa anaota ndege imekuja kumchukua na kumpeleka kwenye kilele cheupe. Katika filamu anapona. Hemingway mwenyewe aliugua kuhara damu akiwa safarini Tanganyika na ndege ikamchukua kwenda Nairobi, kwa hiyo alijua anachokiandika. Ukimponya mgonjwa yule, mlima hauna kazi tena katika hadithi.

Ikirudiwa, ipigwe hapa, na mwisho wa hadithi urudishwe. Tena itabidi ikabiliane na jambo ambalo Hemingway hakuliona: tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. Mtu anayekufa akitazama weupe ule leo anatazama kitu ambacho nacho kinakwisha. Waliopanda kama wapagazi na waongozaji wanaliona hilo kwa macho yao, na wao ndio ningewaweka pembeni ya kitanda cha mgonjwa, wazungumze.

La pili ni kuhusu vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuoneshea video. Tunajadili kurudia filamu kana kwamba ni mambo ya Hollywood na Bombay peke yake. Sisi tumetazama filamu za Kichina na za Kimarekani huku mtafsiri akiongea juu ya sauti ya asili, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaeleza kwa nini adui ana hasira, anamtungia stelingi maneno ambayo hakuyasema. Benchi zima linaangua kicheko mahali ambapo mwongozaji hakukusudia. Ile ni filamu nyingine iliyozaliwa juu ya filamu ya kwanza, na kwa watu wengi wa rika langu ndiyo filamu wanayoikumbuka. Kwa hiyo simwogopi anayerudia. Hofu yangu ni kwa anayerudia bila kuongeza sauti yake, na hapo nakutana na mwanzisha uzi kwa njia nyingine. The Lion King ya mwaka 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 kwa kuirudia ile ya katuni ya mwaka 1994, manyoya yote ya simba yanaonekana, lakini nyuso zimekufa. Fedha imepatikana. Simba hana huzuni.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Usa River, hoja yako ya kuokoa hadithi naipokea, na inanifanya nitaje filamu moja ya kwetu. Mapema miaka ya 1950 ilitengenezwa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ilitengenezwa chini ya mkono wa wakoloni, na hadithi yake ni ya mtu wa shamba anayeingia mjini na kukutana na matapeli. Yule mtu wa shamba ndiye aliyeachwa nje ingawa yumo ndani, kwa sababu alisimuliwa na watu waliotaka abaki shamba. Hadithi ya mgeni mjini haijachakaa hata kidogo: kila siku stendi ya Kilombero na stendi ya Moshi zinashusha vijana wenye begi moja na namba ya simu ya mjomba ambayo haipatikani. Hiyo irudiwe, na itengenezwe na vijana hao wenyewe.

Ndugu wa Soweto, kuhusu Kilimanjaro sina la kuongeza. Mwisho uliobadilishwa ni sababu tosha.

Mchangiaji (Ngarenanyuki)

Shikamooni wakubwa wote. Mimi ni mwenyeji wa huku mnakokutaja. Wazee wetu wachache waliokuwa watoto mwaka 1951 bado wapo, na hadithi ya kuhamishwa wanaisimulia kwa majina ya vijito na ya ng'ombe. Ombi langu kwa yeyote atakayeichukua kazi hii, iwe kwa jina la Hatari! au kwa jina lingine, ni kwamba aje mapema, kabla hajaandika muswada. Dereva wa mwanzisha uzi aongee Kimeru nyumbani na Kiswahili kazini. Mke wake asiwe wa kupika chai tu, kwa sababu siku ya kuhamishwa wanawake ndio waliokuwa na watoto mgongoni na vyungu kichwani. Na sehemu ya kuchomwa nyumba isipigwe Dar es Salaam kwa kuwa ni rahisi. Ipigwe huku, asubuhi, Meru ukiwa mbele na Kilimanjaro nyuma, jinsi walivyoiona wao.

Mwanzisha uzi, ukipata mtu wa kamera aliye tayari, uandike hapahapa. Wazee wawili nimeshawauliza, wamekubali kurekodiwa.